Chafya uwanjani: mafua ya mzio kwa mtoto asiyejua kutulia

Kila mwaka mvua zikishika huku Uasin Gishu, Kenya, na nyasi za uwanja wa shule zikatoa masuke, binti yangu huanza siku kwa chafya saba au nane za mfululizo. Pua inachuruzika maji, kope zimevimba, na kaakaa linamwasha hadi analikuna kwa ulimi, mlio kama wa chura. Halafu anavaa traksuti na kukimbilia mpira. Ana miaka tisa na sijawahi kumwona akitembea pale anapoweza kukimbia.

Kwa misimu miwili tulihangaika. Tulimpa dawa ya kikohozi, tukampa antibiotiki zilizobaki za kaka yake (kosa, najua), bibi yake akamfukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi, na mwisho tukamfungia ndani. Hilo la mwisho ndilo lililomuumiza zaidi, na halikusaidia kitu, maana usiku alikoroma vilevile. Kisha daktari mmoja wa watoto akatuuliza, "Dawa mnampa saa ngapi?" Tukajibu kwamba anapewa akianza kupiga chafya. Daktari akacheka kidogo, akasema, "Basi nyinyi mnaanua mahindi yakiwa yameshalowa."

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza mengi, na karibu kila nilichojifunza kilinirudisha kwenye swali lake.

Homa isiyo na homa

Waingereza waliuita ugonjwa huu homa ya nyasi kavu, kwa sababu watu walidhani harufu ya nyasi zilizokatwa na kukaushwa ndiyo inayouleta. Daktari John Bostock, aliyekuwa akiugua tangu utotoni, aliueleza mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1819, akaendelea kwa miaka kulaumu joto na jua la kiangazi. Ilichukua mgonjwa mwingine, Charles Blackley wa Manchester, kuingiza chavua puani mwake mwenyewe na kuona chafya zinakuja hata nje ya msimu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1873. Chavua, ule unga wa uzazi wa mimea, ndiyo iliyokuwa mkosaji.

Kwetu sisi jina linaleta shida ya namna nyingine. Kenya tukisema "homa" tunaweza kuwa tunasema mafua, joto la mwili, au hata malaria ambayo haijapimwa. Mzazi anafika zahanati na kusema mtoto ana homa isiyoisha, naye mhudumu mwenye foleni ndefu anaandika kile ambacho neno hilo humfanya aandike. Ndiyo maana hapa nitasema mafua ya mzio. Wengi husema aleji tu, na hakuna ubaya.

Utayatambuaje? Mafua ya kawaida ya virusi huja na mwili mzito, pengine joto, kamasi huanza nyepesi kisha ikawa nzito ya manjano, na baada ya siku saba hadi kumi yamekwisha. Wenzake nyumbani nao huyapata. Mafua ya mzio hayana joto la mwili. Kamasi hubaki maji matupu kwa wiki nzima, wiki tatu, miezi miwili. Na kuna kuwashwa: pua, macho, kaakaa, hata ndani ya masikio. Mtoto ambaye pua haimwashi kabisa pengine ana jambo jingine. Angalia pia mkono wake. Watoto hawa wana mtindo wa kusugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, na wakifanya hivyo miezi mingi hupata mstari mwembamba wa kukata pua, juu kidogo ya ncha. Chini ya macho kunakuwa na weusi kama wa mtu aliyekesha.

Pua moja tu ikitoa uchafu wenye harufu mbaya, huo si mzio. Mwanga wa tochi unaweza kukuonyesha punje ya mahindi, shanga au kipande cha sponji. Usichokonoe mwenyewe, mpeleke kituo cha afya.

Mlinzi wa geti aliyekosea

Neno la kitabibu "aleji" lilibuniwa na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, mwaka 1906, lakini ilibidi kungoja hadi miaka ya 1966 na 1967 ndipo kingamwili inayohusika, IgE, itambuliwe. Kazi yake ni rahisi kueleza. Chukulia mlinzi wa geti aliyewahi kuambiwa kwamba muuza maziwa ni mwizi. Siku ya kwanza hafanyi lolote, anamkariri sura tu. Anayefuata kulipa ni muuza maziwa kesho yake, na mtaa mzima, maana mlinzi anapiga filimbi, anafungulia mbwa na kuwasha taa zote.

Mwili wa mtoto mwenye mzio hutengeneza IgE dhidi ya chavua ya nyasi, ambayo haina madhara yoyote. IgE hizo hujibandika kwenye seli fulani zilizojaa puani na machoni. Chavua ikirudi na kuzigusa, seli zile humwaga histamini. Ndani ya dakika chache mishipa inavuja, neva zinawasha, chafya zinatoka. Hilo ni wimbi la kwanza. Wimbi la pili huja kati ya saa nne na nane baadaye, seli nyingine zikiitwa kuja kusaidia, na hili ndilo linalovimbisha ndani ya pua hadi ikaziba. Mtoto aliyecheza saa kumi jioni huziba pua usiku wa manane.

Sehemu inayosahaulika ni hii: pua iliyochokozwa siku kadhaa mfululizo huwa kali zaidi. Chavua ambayo wiki ya kwanza isingemfanya hata asugue pua, wiki ya tatu inamlaza. Uvimbe umeshakaa, seli zimeshakusanyika, na mlango umeshalegea. Ndiyo sababu dawa inayotolewa chafya zikishaanza huonekana dhaifu. Inapambana na rundo la siku ishirini.

Na ndiyo sababu pia ni nadra kukuta mzio wa chavua kwa mtoto wa mwaka mmoja. Mlinzi anahitaji misimu miwili mitatu ya kukariri sura. Kichanga mwenye pua inayochuruzika kila wakati atafutiwe sababu nyingine.

Jakaranda ana alibi

Nairobi mwezi wa Oktoba barabara zikigeuka zambarau, kila mwenye chafya hunyoosha kidole kwa jakaranda. Mti ule hauna hatia kubwa. Maua ya rangi na ya kupendeza yametengenezwa kuita nyuki, na chavua yake ni nzito, inanata kwenye miguu ya wadudu. Ya kuogopwa ni mimea ambayo maua yake hata huyaoni kama maua. Nyasi haina haja ya nyuki. Inaachia unga wake upepo, chembe zenye upana wa maikromita 20 hadi 40 hivi, na unga huo unasafiri.

Bermuda, ile nyasi itambaayo katika viwanja na kando za barabara, inajulikana duniani kote kwa kuleta mzio. Ukija mikoa ya juu ya Kenya ongeza ua wa msaiprasi, ambao boma nyingi hapa zimezungushiwa. Miti ya jamii hiyo hutoa chavua nyingi ya upepo. Mahindi, ambayo kwetu yamejaa hadi mlangoni, yanatisha kuliko yanavyodhuru, kwa sababu chembe yake ni kubwa mara mbili tatu ya ya nyasi na nyingi huangukia shambani humo humo. Mtoto anayecheza kibe katikati ya mahindi yaliyotoa mbelewele, hata hivyo, atazipata zote.

Kwa watu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam picha hubadilika. Unyevu wa pwani unapendwa na utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mito, na huko mafua ya mzio yanaweza kudumu mwaka mzima bila msimu. Kinyesi cha mende nacho kimo. Mtoto anayepiga chafya zaidi akiamka kuliko akitoka uwanjani, anza na godoro. Dawa ni zile zile, ila za kudumu.

Mbio zinafanya nini puani

Mtoto aliyetulia huvuta pumzi kama mara ishirini kwa dakika, tena kwa pua, na pua huchuja, hupasha joto na kulainisha hewa. Akianza kukimbia, pumzi huongezeka mara mbili na zaidi, kila moja ikiwa ndefu, na haraka sana anafungua mdomo. Hewa yenye chavua, kavu na baridi (asubuhi ya Eldoret, mji wa huku kwetu, si mchezo), inakwenda moja kwa moja kooni na kifuani. Kwa dakika arobaini za mpira anavuta hewa ambayo mwenzake aliyekaa kibarazani huivuta kwa saa kadhaa.

Lakini kuna jambo lililonishangaza. Wakati wa mbio, pua huwa inafunguka. Mwili ukiwa kwenye kazi nzito hubana mishipa ya damu ya puani, na mtoto aliyekuwa akiongea kwa pua asubuhi anapumua vizuri akiwa mbioni. Akiacha, mishipa inalegea na pua inaziba tena, wimbi la pili la mzio likija juu yake. Mwalimu wa michezo anasema mtoto ni mzima, mama anasema mtoto ni mgonjwa, na wote wawili wanasema kweli. Wamemwona saa tofauti.

Kumtoa mtoto mchezoni kwa hiyo hakuna maana. Chavua ya nyasi iko njiani kwenda shule, iko dirishani, iko kwenye shuka. Ukimnyima mpira umempunguzia robo ya chavua na robo tatu ya furaha.

Dawa itangulie

Kwa mtoto ambaye mafua yanamharibia usingizi, michezo au masomo, dawa ya kwanza ni steroidi ya kupuliza puani, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Najua neno steroidi linavyosikika. Mimi mwenyewe nilisita wiki mbili. Kilichonituliza ni hesabu. Mometasoni kwa mtoto wa umri wa binti yangu ni mpulizo mmoja kila tundu la pua kwa siku, jumla maikrogramu 100. Kidonge cha prednisoloni cha kawaida cha miligramu 5, ambacho watu humpa mtoto mwenye pumu bila kuhoji, kina maikrogramu 5,000. Na kile kidogo cha mometasoni kinachomezwa huvunjwa karibu chote na ini.

Hofu ya kudumaa haikutoka hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa watoto waliopuliziwa beklometasoni mara mbili kwa siku mwaka mzima walirefuka kwa chini kidogo ya sentimita moja pungufu ya wenzao. Dawa mpya zaidi, mometasoni na flutikasoni, zina rekodi nzuri kuliko hiyo. Pima urefu wa mtoto ukutani kila miezi sita, tumia dozi ndogo inayotosha, na kama ana kipulizo cha pumu chenye steroidi pia, mwambie daktari ili ajumlishe. Mometasoni hutolewa kuanzia miaka miwili au mitatu kutegemea nchi. Flutikasoni kuanzia miwili au minne kutegemea aina iliyoandikwa kwenye kasha. Beklometasoni katika nchi nyingi ni kuanzia sita.

Sasa ndipo swali la daktari wetu linapoingia. Steroidi ya pua haifanyi kazi ya dharura. Huanza kuonekana baada ya nusu siku hivi, na nguvu yake yote inaweza kungoja hadi wiki mbili. Mzazi anayeipuliza Jumamosi kwa sababu kuna mechi Jumamosi atasema imemwibia pesa. Inatakiwa kuanza wiki mbili kabla ya msimu na kuendelea kila siku, mtoto awe na chafya au asiwe nazo. Kwetu Uasin Gishu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Machi au Aprili. Uwanja ukianza kuwa kijani, kabla haujatoa masuke, mimi hununua chupa. Nairobi na Mlima Kenya, kwenye mvua za masika na za vuli, huenda ukahitaji kufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Kalenda ya mtoto wako utaijua kwa kuandika. Daftari la mazoezi lililobaki kurasa chache linatosha: tarehe, chafya nyingi au chache, alicheza wapi, mvua ilinyesha au la. Msimu mmoja wa daftari hilo ulinifundisha kuliko miaka miwili ya kukisia.

Namna ya kupuliza ni nusu ya dawa, na hakuna aliyenionyesha dukani. Mtoto apenge kwanza. Chupa itikiswe. Kichwa kiiname mbele kidogo, kisitazame juu. Tundu la kushoto lipulizwe kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa mkono wa kushoto, ili ncha ielekee upande wa sikio. Ukipuliza kuelekea ukuta wa kati wa pua, siku chache utaona damu. Avute kwa upole tu. Akivuta kwa nguvu kama anayenusa mandazi, dawa yote inaishia kooni, na atakuambia ni chungu.

Antihistamini ni jambo jingine. Hizi huzuia histamini na hufanya kazi ndani ya saa moja hadi tatu, kwa hiyo zinafaa asubuhi ya siku ya mechi, au kila siku kwa mtoto ambaye mafua yake ni mepesi. Zina nguvu kwa chafya, kuwashwa na pua kuchuruzika. Kwa pua iliyoziba hazisaidii sana. Setirizini na loratadini zote zipo madukani kwa bei nafuu na hutolewa kwa watoto wa miaka miwili kwenda juu, kwa dozi ya umri na uzito.

Ila tafadhali tofautisha na zile za zamani. Klofeniramini, ambayo wengi wetu tumekua tukiiita kwa jina lake la kibiashara, Piriton, huingia kwenye ubongo na kumlaza mtoto. Na hapa nina neno na wazazi wenzangu: tunaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto asiyetulia akitulia tunasema dawa imefanya kazi. Kesho yake yuko darasani macho wazi na akili imelala, na uwanjani anachelewa kila mpira. Prometazini ni nzito zaidi, na haifai kabisa kwa walio chini ya miaka miwili. Hata setirizini huwapa baadhi ya watoto usingizi. Ukiona hivyo, mpe jioni au badilisha kwa loratadini.

Matone ya kuzibua pua, oksimetazolini na ndugu zake, yanafungua kwa dakika chache na ni kishawishi. Yakizidi siku tatu hadi tano pua inajibu kwa kuziba zaidi, mtoto anadai tena, na sasa una ugonjwa wa pili. Montelukasti, kidonge cha kutafuna kinachoandikwa sana kwa watoto, kimewekewa onyo zito nchini Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya ndoto mbaya, hasira na huzuni kwa baadhi ya watumiaji. Ina nafasi yake kwenye pumu, lakini kwa mafua peke yake kuna zilizo bora.

Kuna syrup za aleji ambazo ndani yake zimechanganywa na betamethasoni. Hizo hufanya kazi haraka ajabu, na mzazi humsifu mwenye duka. Lakini ni steroidi ya mwili mzima, mtoto akinywa mwezi baada ya mwezi anavimba mashavu na ukuaji unapungua. Soma chupa. Sindano moja ya msimu ambayo hupigiwa debe kwa wakimbiaji ni jamaa ya hiyo hiyo, kwa kiasi kikubwa zaidi, na ikishaingia huwezi kuitoa.

Maji ya chumvi hayana mpinzani kwa bei. Yanasafisha chavua puani baada ya mchezo na yanaipa dawa ukuta safi wa kukaa. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichojaa kupita kiasi, kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, na Eldoret imo, maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, kwa hivyo yaache yatokote dakika tatu nzima. Usitumie maji ya bomba au ya mto moja kwa moja puani. Kuna vijidudu ambavyo tumboni havina neno lakini kwa njia ya pua vinaweza kufika kwenye ubongo. Bomba kubwa la sindano, lililotolewa sindano yenyewe, linatosha kusafishia, mtoto ameinama juu ya karai, mdomo wazi. Mara ya kwanza atalia. Mara ya nne ataomba kujifanyia mwenyewe na kuwaonyesha wenzake.

Nguo juu ya ua

Mambo ya nyumbani nitayapitia haraka, maana orodha ndefu hazifuatwi. Akirudi uwanjani avue nguo nje ya chumba cha kulala na aoge pamoja na nywele, kabla hajajitupa kitandani. Vaseline kidogo kwenye ukingo wa matundu ya pua kabla ya mechi hunasa sehemu ya chavua. Siku nyasi za uwanja zinapofyekwa akae mbali. Kama shule huwapa watoto adhabu ya kufyeka, ongea na mwalimu, yeye apewe ya kuchota maji. Moshi wa kuni na dawa ya mbu ya kuchoma havileti mzio, lakini pua iliyochubuka haivitaki.

Lililonichekesha mimi mwenyewe ni shuka. Kwa miaka yote tulikuwa tukianika shuka na sare zake juu ya ua wa msaiprasi, na blanketi juu ya nyasi. Tulikuwa tunamfunika kwa chavua kila usiku. Kamba ya waya katikati ya uwanja wa nyumba imegharimu kidogo sana.

Asali ya kijijini ni tamu na siipingi (isipokuwa kwa mtoto chini ya mwaka), lakini nyuki hukusanya chavua ya maua, na adui wetu ni nyasi. Kufukiza ndiko ninakokuomba uache. Mvuke hauondoi mzio, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi na mtoto asiyetulia ni ajali inayongoja.

Macho, na kifua

Macho yanayowasha huoshwa kwa maji safi baridi na kufunikwa kwa kitambaa kibichi. Steroidi ya pua nayo huyasaidia kiasi. Yakizidi, kuna matone kama ketotifeni na olopatadini. Usinunue matone ya macho yenye steroidi bila mtaalamu wa macho, hata kama jirani yalimponya kwa siku mbili. Yakitumika ovyo yanapandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtoto anayesugua macho mwaka mzima, anaogopa mwanga, na weupe wa jicho umegeuka kahawia, ana mzio mzito zaidi unaoonekana sana kwa watoto wa Afrika Mashariki. Aonwe kliniki ya macho.

Kifua ndicho cha kutazama kuliko vyote. Pua na mapafu ni bomba moja, na watoto wengi wenye mafua ya mzio wana pumu pia, au wataipata. Kwa mtoto mchezaji pumu hujificha vizuri. Haanguki. Anakohoa dakika tano au kumi baada ya kuacha kukimbia. Anaomba kuwa golikipa ilhali zamani alikuwa mshambuliaji. Anashika kiuno kuliko wenzake, anasema kifua kinabana, anakohoa usiku. Ukiona hayo, antihistamini haitoshi. Apimwe, na apewe kipulizo chake, ambacho kinatakiwa kuwa mfukoni mwa mwalimu, si kwenye ofisi iliyofungwa. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, au midomo ikibadilika rangi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Upepo wa mvua ya radi nao una habari yake. Jioni ya tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ilipita juu ya Melbourne, Australia, msimu wa chavua ya nyasi. Unyevu ulipasua chembe za chavua zikawa vipande vidogo vya kutosha kushuka hadi mapafuni. Maelfu walikimbizwa hospitali, watu kumi wakafa, na wengi wa walioathirika walikuwa na mafua ya mzio tu, bila kujua kwamba wana pumu. Sisemi kila ngurumo ni Melbourne. Nasema timu itoke uwanjani upepo ule wa baridi unapoanza, na huku kwetu radi yenyewe ni sababu tosha.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake ameanza kushindana kwa dhati, na ukiwa karibu na Iten, mji wa wakimbiaji, hilo si ndoto, tunza karatasi za dawa, kwa sababu ya sheria za dawa zilizokatazwa michezoni. Setirizini, loratadini na steroidi ya pua zinaruhusiwa. Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini vikizidi kiwango, na steroidi za kumeza au kuchomwa sindano wakati wa mashindano, ni marufuku.

Ikiwa haya yote yamefanywa kwa mpangilio na mtoto bado halali, kuna kipimo cha kuchoma ngozi kwa matone ya chavua mbalimbali (antihistamini isimamishwe siku kadhaa kabla), na kuna tiba ya kuuzoesha mwili, chembe kidogo kidogo za chavua ile ile kwa sindano au chini ya ulimi kwa takriban miaka mitatu. Leonard Noon aliichapisha kwa mara ya kwanza London mwaka 1911. Ni ghali, na kwetu madaktari wa mzio wako miji mikubwa tu. Watoto wengi hawaifikii haja hiyo.

Kusimamisha dawa nako kuna wakati wake. Sisi hungoja hadi mvua zikatike, nyasi zigeuke kahawia na daftari lionyeshe wiki mbili bila chafya za asubuhi. Halafu tunaacha, tunaangalia siku kumi. Mwaka jana tuliacha mapema mno, wiki ya mwisho ya Agosti, kwa sababu alikuwa amepona kabisa. Siku ya sita alirudi nyumbani akisugua pua kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaenda kuichukua chupa mwenyewe.